Nusu ya Blanketi

Somo wa jumuiya yetu ya kanisa pale Amalemba ni yule mtakatifu askari aliyelikata joho lake kwa upanga, akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Kwa hiyo mvua ya mawe ilipong'oa mabati ya jirani yetu, mjane mwenye mtoto mchanga, mwenyekiti hakuwaza mara mbili.

"Kila nyumba ilete nusu," akasema. "Kama somo wetu."

Jumapili watu wakaleta nusu kweli: nusu gorogoro ya mahindi, nusu mche wa sabuni, hata nusu ya kuku. Mwenyekiti alikuwa amekata blanketi lake jipya kwa makasi, akalinyanyua tulione. Tukapiga makofi.

Shangazi yangu, aliyenilea, hakupiga.

"Mwenyekiti, hiyo inafunika nani? Mama ama mtoto?"

"Mama, huu ni mfano wa mtakatifu."

"Mtakatifu alikuwa askari wa farasi. Joho lake lilitosha wawili. Wewe blanketi yako ukikata, baridi inaingia nyumba mbili."

Watu walicheka hadi mwenyekiti naye akacheka. Lakini nje mawingu yalikuwa yanajikusanya tena, na mtoto anakohoa. Shangazi akamfunga mgongoni kwa leso, akamwambia mama yake abebe sufuria, wakaondoka. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda kimoja na blanketi moja. Wakalala humo wote watatu. Mimi, niliyekuwa nimerudi tu kutoka kutangatanga Kitale, nikapewa mkeka jikoni, na sikuulizwa kama nimeridhika.

Kesho yake mwenyekiti alileta ile nusu yake nyingine bila maneno mengi. Shangazi akaziunga kwa uzi wa gunia. Kikohozi kilipoisha, mwenyekiti alikuwa juu ya paa la mjane, misumari mdomoni, akigongelea mabati.

Nimezunguka sana tangu hapo. Nikiingia kanisa la ugenini nikakuta sanamu ya yule askari na upanga wake, ninayemwona ni shangazi, akienda haraka kabla mvua haijashuka, mtoto mgongoni.

Juzi nimerudi tena. Shangazi amezeeka, na anayemtekea maji ni yule mtoto, sasa msichana wa sekondari. Ndiye aliyenitandikia, akanifunika blanketi lenye mshono mnene katikati.

"Mjomba, usivute sana," akasema. "Hii ilishakatwa mara moja."