Wapangaji wa Kamba ya Nguo

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alijenga vyumba sita vya kupangisha pale Kashojwa, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, na tangu siku hiyo akaanza kutembea kama mtu anayeogopa kukanyaga matope. Wakati huo wageni walikuwa wakiingia kwa wingi kutoka Kivu Kusini, na chumba kiligombaniwa hata kabla ukuta haujakauka. Ili amalize vyumba viwili vya mwisho, alimshawishi dada auze meza yake ya vitenge sokoni Rwekubo, pamoja na vitenge vyenyewe. Kodi ikianza kuingia, alimwahidi, meza itarudi. Dada alimwamini. Mimi sikumwamini, lakini nani aliniuliza?

Ardhi yenyewe si yake. Sote hapa tulipewa sehemu ya kulima na kulala, basi. Hilo halikumzuia kujiita mwekezaji, tena mbele ya watu.

Halafu msaada wa chakula ukapunguzwa. Wapangaji wakaanza kuhama, wengine kwenda kutafuta vibarua mjini Mbarara, wengine kubanana na jamaa zao, mpaka vyumba vyote sita vikabaki vitupu. Jirani yetu, Mrundi mwenye akili zake, alishusha kodi akakubali hata kulipwa maharage. Shemeji alimcheka. Akaenda Mbarara kulisoma soko, eti, akakuta huko nako magorofa mapya yametundika vibao vya kutafuta wapangaji. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alirudi kifua mbele.

"Hata bakubwa ba Mbarara habashushe bei," alituambia. "Banangoja. Na sisi tutangoja."

Kungoja kwake kulikuwa kichekesho. Alitundika mapazia kwenye madirisha ya vyumba vitupu, kisha akamwagiza dada afue kila asubuhi na kuanika nguo mbele ya kila mlango, wapita njia waone nyumba ina watu. Dada hana nguo za kutosha milango sita. Akaanika na shuka, na suruali zangu mbili zikapewa chumba cha nne.

"Mutu akiuliza, sema bimejaa," shemeji alimwonya. "Ukisema biko butupu, batatuvunjia bei."

Siku moja, yeye akiwa tena Mbarara, alifika mfanyabiashara wa mahindi kutoka Bwizibwera. Alisimamisha pikipiki akavitazama vyumba kwa hamu.

"Mama, hizi nyumba ziko na watu?"

"Bimejaa, baba," dada akajibu upesi.

"Aa, pole. Mimi natafuta zenye hazina watu, za kuweka mahindi. Zote pamoja. Nalipa msimu mzima mara moja."

Dada aliacha beseni akasimama. "Baba, ngoja! Biko butupu, nilisema vibaya."

Yule bwana akaitazama kamba, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Siwezi kufukuza watu wenye nguo zao bado zinatoa maji."

Dada aliapa, akafungua hata mlango mmoja, lakini yule alishaona mwanamke anayesema hivi na vile kwa dakika moja, na biashara ya namna hiyo hakuitaka. Akavuka kwa Mrundi, ambaye hakuficha vyumba vyake vitupu. Kabla ya jua kutua, magunia yalikuwa yanashushwa huko.

Shemeji aliporudi, dada alimweleza yote, nami nilidhani atanyamaza angalau kwa aibu. Jumapili, baada ya ibada, akawasimulia watu nje ya kanisa jinsi tajiri mmoja alivyomfuata, na jinsi alivyomkatalia kwa sababu alitaka vyumba kwa bei ya bure. Watu wakaitikia. Nilichukia.

Dada alimpita, akaenda walikosimama akina mama wanaouza Rwekubo, wawili kati yao wakiwa wapangaji wa zamani wa shemeji. Aliongea kwa sauti ya kawaida, na sote tulimsikia.

"Bamama, nani iko na fasi kidogo ku meza yake? Nitauzisha bitenge byake. Atanilipa kile atapenda."