Bandeji ya Achieng

Leo nimepata bondia wangu amejiandikia maneno mabaya kwa bandeji ya mkono.

Achieng ana miaka kumi na nne, ni wa hapa mtaani kwetu Soweto West. Alipigwa kwa pambano lake la kwanza. Leo tulikuwa Kawangware kwa la pili.

Nakunjua bandeji nimfunge mikono kabla ya glavu, naona biro ya bluu: UTAPIGWA TENA.

"Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, kocha. Nikijiambia mapema, haitaniuma sana."

Jameni. Nikamfunga tu polepole.

Raundi tatu. Akapigwa kweli, kwa pointi. Lakini alirudisha ngumi, mnisikie, alirudisha!

Namfungua mikono, analia huku akicheka.

"Kocha, imeuma vilevile."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa najiumiza mapema ya nini?"

Wenye mmewahi kucheza ngumi, nyinyi mlikuwa mnajiambia nini kabla ya kuingia? Andikeni hapa chini, nitamsomea.

Saa hii yuko kwa bomba na karai na sabuni ya kipande, anafikicha hiyo bandeji. Wino umekataa kutoka. Na yeye amekataa kuacha.