Kabla ya Jibu

Mchapaji huyu husikiliza sauti za watoto waliohojiwa na watafiti, akaziandika neno kwa neno. Huvua viatu chini ya meza, akainama kama anayenong'onezwa, wala kikohozi hakimpiti. Rekodi hazina majina. Asubuhi hiyo msichana mmoja alicheka kicheko kifupi cha puani, na moyo ukampaa: ni bintiye.

“Nyumbani unamwogopa nani?” mtafiti aliuliza.

Kisha pumzi ikavutwa.

Mchapaji alisimamisha rekodi hapo hapo, akamsogezea mwenzake spika za masikioni. “Dada, malizia wewe.”

“Imeharibika?”

“Hapana. Huyo ni wangu, na hakuwa akizungumza nami.”

Mchapaji akabaki amemkodolea macho mwenzake. Huyo alisikiliza, akaanza kuchapa, wala hakuinua uso.