Angeelea Tu

Kila wakiwasha mashine za kuchuma chai karibu na nyumba yangu, harufu ya petroli hupanda na umande, nami najikuta tena kwenye boti ya baba.

Baba alikuwa kapteni ziwani, na likizo moja alinitoa huku kwenye chai akanipeleka nione kazi yake. Tulikuwa wawili tu botini. Boti nyingine ikachomoka kwenye ukungu, ikatujia moja kwa moja. Nilipogeuka nimshike shati, baba alikuwa ameshaidandia ile nyingine. Zilikwaruzana ubavuni, zikapishana. Yeye na mabaharia wa boti ile waliporudi kunichukua, nilikuwa nimekumbatia mtungi wa petroli.

Jioni mabaharia walikula samaki wakicheka mpaka machozi.

"Kapteni, umeruka kama chura! Na mtoto ukamwachia nani?"

Baba alicheka kuliko wote. "Huyo ni mwepesi, angeelea tu."

Nami nilicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka.

Nyumbani, mama alinusa petroli kwenye gauni langu, akaniuliza kulikuwaje ziwani. Baba akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Vizuri tu. Nilimshika mkono muda wote."

Halafu akanitazama, akingoja nicheke.