Meza ya Herufi K

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chekechea nilipelekwa Gakindu, mahali ambapo sikuwa na ndugu wala rafiki. Mimi ni mtu wa upande wa Meru. Kikuyu cha watu wa pale nilikielewa nusu nusu, na kwa kuwa sipendi kuchekwa, nilinyamaza. Nilikodi chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga. Jioni nilifika, nikafunga mlango, nikanywa chai ya rangi na mkate, kisha nikampigia mama simu na kumwambia nimeshiba. Majirani waliponisalimu niliwajibu nikitembea. Baadaye nilikuja kujua kwamba waliniita yule mwalimu wa maringo. Hayakuwa maringo. Nilikuwa na kikombe kimoja na sikutaka mtu aingie akakiona kikiwa peke yake.

Darasani nilikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye sauti. Nilipasua magunia ya nailoni, nikayapaka rangi nyeupe, nikachora herufi na picha, nikayatundika ukutani. Kila Jumatatu tulianza herufi mpya, na kila mtoto alileta kutoka kwao kitu kinachoanza na herufi hiyo. Vitu hivyo vilikaa kwenye meza kando ya dirisha wiki nzima, tukivishika, tukivitaja na kuvichora. Ijumaa kila mtoto alirudi nyumbani na chake. Sheria hiyo niliishika kwa ukali, kwa sababu wiki ya herufi B bakuli la mtu lilipotea na mama mwenye bakuli akaja kunigombeza mbele ya darasa zima.

Wiki ya K iliangukia mwezi wa Julai, wakati ukungu wa huko hautoki mashambani hadi saa nne na watoto wanashika penseli kwa vidole vilivyokufa ganzi. Walileta vijiko, kofia, kufuli lisilo na ufunguo, kitana chenye meno manne, kamba ya mbuzi. Mmoja alikuja na kifaranga hai mfukoni, nikaona niseme asante haraka kabla hakijatia rangi sare yake.

Mwisho akaja msichana mdogo anayeishi na nyanya yake upande wa chini, kwenye mashamba ya kahawa. Alikuwa amebeba kiondo kikubwa karibu kumshinda, mshipi wake ukimkata begani. Akakiweka miguuni pangu.

"Shosho amesema nikupatie."

Wote walikuwa wakisema hivyo. Mama amesema nikupatie, baba amesema nikupatie. Nikakifungua. Kulikuwa na kabeji, karoti, na viazi vitamu vitano vyenye udongo mbichi. Nilifurahi sana, nikaliambia darasa kwamba huyu ametushinda wote, kwa sababu kiazi ni K, na hata kiondo chenyewe kinaanza na K. Tukapiga makofi. Chini kabisa nikakuta mayai matatu yaliyofungwa kwenye gazeti.

Hapo ndipo ningepaswa kutumia akili. Badala yake nilimwinamia mtoto nikamwambia kwa upole wa kiualimu kwamba mayai si ya wiki hii, tungoje M. Nikayaweka dirishani. Alinitazama akafungua mdomo, halafu akaufunga akaenda kukaa.

Wiki ile yote tulitaja kabeji, tukahesabu karoti, tukachora viazi. Kusema kweli nilivitamani vile viazi. Alhamisi, watoto walipotoka, nilisimama pale mezani nikakigusa kimoja, nikafikiria kikichemka, nikajiambia niache tamaa ya vitu vya watu. Ijumaa nilirudisha kila kitu kiondoni, kabeji ikiwa imesinyaa, mayai juu ili yasivunjike, nikamtwika yule msichana. Nilijiona mwaminifu.

Jumatatu alikuja mikono mitupu. Nilipomsalimu aliangalia viatu vyake. Saa ya chai mwalimu wa darasa la kwanza, mama mwenyeji wa pale, akanivuta kando.

"Wewe, mwalimu, ni kweli ulirudishia huyo shosho wa huko chini vitu zake?"

"Vitu gani?"

"Ati alikuletea chakula, wewe ukaiweka wiki mzima, ukairudisha hivyo hivyo. Ameambia watu kanisani hataki kuonana na wewe."

Angeweza kunieleza desturi nami ningesema mimi ni mgeni, sikujua. Lakini nilijua. Kwetu ni vile vile. Mgeni akija kukaa kwenu unampelekea chakula, naye anakipokea, kisha anarudisha chombo na kitu kidogo ndani, hata kama ni majani ya chai. Kumrudishia mtu chakula chake ni kumwambia hutaki ujirani naye. Mama yangu amefanya hivyo maisha yake yote, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleka vile vyombo.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Katika Gakindu nzima mtu mmoja alikuwa amenikumbuka, nami nilikuwa nimemfukuza.

Jumamosi asubuhi nilinunua sukari na majani ya chai nikateremka hadi kwake. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwenye sinia. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu," akasema, kama anavyokaribishwa mtu wa kukagua mita ya maji.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Meza, herufi, watoto kupiga makofi, mayai kungoja M. Nikasema nilidhani kiondo ni kazi ya shule ya mtoto. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipofika kwenye mayai aliniangalia mara moja, nikaona anataka kucheka lakini hataki kunipa raha hiyo bado.

"Mayai," akasema. "Hata mayai hukujua?"

"Sikujua, shosho."

"Na huyo mtoto alikuambia nimesema akupatie."

"Aliniambia."

Akaweka sinia chini.

"Sasa wewe mtoto wa watu, uko hapa tangu mwezi ya kwanza, unapita hapo juu peke yako kila siku, ninakuona. Ulikuwa unafikiria hakuna mtu hapa anaweza kukuletea chakula?"

Nilitafuta jibu la heshima. Ningesema nilikuwa na shughuli nyingi, au kwamba sikutaka kusumbua watu, maneno ambayo nilikuwa nimempa mama kwenye simu miezi saba.

"Ndiyo, shosho," nikasema. "Hivyo ndivyo nilivyofikiria."