Nilivyomkosoa Hajati Ruqaiya

Nina mdomo. Mke wangu Akoth husema mdomo wangu huamka kabla yangu, na kwa miaka tisa niliyofundisha kompyuta hapa Kampala nilidhani hicho ni kipaji. Jina langu ni Ogutu. Nilitoka Kisumu na begi moja na diploma niliyoiacha katikati, nikapata kazi kwenye chuo kidogo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya viatu Nakivubo. Hilo la kuiacha diploma katikati sikumwambia mtu. Wanafunzi wetu ni watu wazima: Wakenya wenzangu, Wakongo, Wanubi, Waganda wachache. Kiingereza kinawachosha wao, Kiganda kinanishinda mimi, basi tunakutana kwenye Kiswahili. Kuwacheka kwa Kiswahili chao nako kulikuwa starehe yangu, niseme tu ukweli.

Hajati Ruqaiya alijiunga nasi mwezi wa pili. Makka hajafika, lakini hapa mama wa Kiislamu mwenye umri wake huitwa Hajati kwa heshima. Ni Mnubi, binti wa polisi, amezaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi kule Naguru. Kazi yake ilikuwa usafi katika ofisi moja huko huko Naguru, mwaka wa kumi na sita sasa. Ofisi hiyo ilitaka mtu wa kukaa kwenye dawati la stoo, na bosi akamwambia afanye mtihani wa kompyuta pamoja na waombaji wengine. Akishinda, dawati ni lake. Alinionyesha karatasi ya mada siku aliyojiandikisha, akanionyesha na tarehe: Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano.

"Mwalimu, mgongo imechoka," aliniambia. "Nataka kukaa kwenye kiti."

Kwenye karatasi ile kulikuwa na kubadilisha namba. Mtu wa stoo atafanya nini na mambo hayo sijui, lakini watunga mitihani huyapenda. Kompyuta inajua sifuri na moja tu, na namba zake huwa ndefu hadi zinachosha macho. Ukitaka kuzifupisha unazikata tatu tatu, kila kikundi kinageuka tarakimu moja kati ya sifuri na saba, na hiyo ndiyo oktali. Mfano wangu wa miaka yote ulikuwa 110101. Nafasi tatu za kikundi zina thamani ya nne, mbili na moja, hivyo 110 ni sita, 101 ni tano, jibu 65. Nilikuwa naukata kuanzia kushoto, kama ninavyoandika jina langu, na majibu yalikubali. Hata mara moja sikujiuliza kwa nini yanakubali.

Jumamosi kabla ya mtihani wake nilichoka na mfano ule, nikaandika ubaoni 1011. Nikamwita Hajati mbele. Akaishika chaki, akaanza kukata upande wa kulia: 011 ni tatu, imebaki moja peke yake. Akaandika 13.

Kando yake mimi nikaandika jibu langu: 54. Unakata 101 unapata tano, imebaki moja, unaiongezea sifuri mbili nyuma inakuwa 100, yaani nne. Nilikuwa na hakika nalo kama nilivyo na hakika na jina la mama yangu.

"Nyabo," nikamwambia, kama Waganda wanavyomwita mama, "nani amekufundisha kuanzia huko?"

"Hakuna mtu, Mwalimu. Mimi naona tu namba inakua kwenda huku," akaonyesha kushoto.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoamka. "Hapa si madrasa," nikasema. "Sisi hatuanzi upande wa kulia. Kompyuta haisomi Kurani."

Watu walicheka. Walikuwa ishirini na wawili, nilikuwa nimewaita majina asubuhi ile. Babra, aliyekaa mbele, alicheka hadi akaziba mdomo kwa daftari. Hajati hakukasirika. Alihesabu kidogo kwa vidole, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Lakini hii 1011 ni kumi na moja ya kawaida. Yako 54 nikiirudisha inakuwa arobaini na nne. Imeongezeka aje?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Basi nikafanya wanachofanya watu wasio na jibu. Nikapandisha sauti. Nikamwambia kama anajua kuliko mwalimu aje avae koti langu afundishe. Akairudisha chaki mahali pake, akafuta 13 kwa kiganja, akaketi, na mbele ya macho yangu akaandika 54 kwenye daftari lake.

Arobaini na nne ile haikuniacha. Jumanne asubuhi, kabla darasa halijaanza, nilifungua kikokotoo cha kompyuta nikaandika 1011. Kikanijibu 13. Nikajaribu nyingine yenye tarakimu tano, nikawa nimekosa. Ya tarakimu sita, nimepata. Ya saba, nimekosa. Hapo nikaelewa. Ikiwa tarakimu zinagawanyika kwa tatu bila kubaki, ukianza kushoto au kulia ni yale yale. Zikibaki, lazima uanze kulia, na sifuri za kujazia zikae mbele, zisiiongeze namba. Miaka tisa mifano yangu yote ilikuwa ya tarakimu sita, kwa sababu niliinakili kutoka kwenye daftari la rafiki yangu na sikuwahi kutunga wa kwangu. Niliona haya peke yangu chumbani, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Hajati hakuja darasani wiki ile, lakini namba yake ya simu ilikuwa kwenye orodha. Nilianza kumwandikia ujumbe, nikaufuta. Nikaanza mwingine, wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti kuna njia mbili na zote zinatumika. Huo pia nikaufuta, angalau sikuwa mwongo kiasi hicho. Jumatano nikamsimulia Akoth. Alikuwa anashona mapazia, hakuinua hata kichwa.

"Mpigie huyo mama simu," alisema. "Mtihani si kesho?"

Nikamfokea. Nikamwambia haelewi kazi ya mwalimu, darasa likishajua umekosea ndiyo basi, heshima hairudi. Nikajiambia Hajati mwenyewe ni mwerevu, ameshaliona kosa, atajibu anavyojua yeye. Alhamisi ikafika, ikapita, na simu yangu mfukoni ilikuwa na salio la kutosha. Mimi mwoga. Sina jina jingine la kujiita.

Ijumaa nilikwenda Naguru. Nilimkuta nyuma ya ofisi yao anapiga deki ngazi. "Karibu, Mwalimu. Pole na jua," alisema, na ile karibu yake iliniuma. Nikamwambia yote bila kupamba: kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, langu ndilo lililokosea, kwamba nilijua tangu Jumanne, na kwamba ile ya madrasa ilikuwa upumbavu wangu mtupu. Nikamwomba radhi.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yote miwili imeshika tambara la deki.

"Majibu imetoka asubuhi," alisema. "Nimeanguka kwa alama mbili. Maswali ya kukata tatu tatu ilikuwa tatu."

Nikamuuliza alijibuje.

"Kwanza nilianza na huku kwangu. Nikarudisha kwa namba ya kawaida, zote ikakubali. Halafu nikakumbuka wewe, nikafuta, nikaandika kama ulivyosema."

"Sasa kwa nini, Hajati? Ulikuwa umeshahakikisha."

"Wewe ni mwalimu," alisema, bila kejeli yoyote. "Mimi nafagia."

Nikaanza kusema maneno mengi, kwamba nitaingia nimwone bosi, nitaandika barua, nitakubali kosa ni langu. Akatikisa kichwa. Kazi ilikwisha kupewa msichana mmoja, anaanza Jumatatu. Halafu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Na wale wengine, umewaambia?"

Nilikuwa nimefundisha Jumanne, Jumatano na Alhamisi. "Bado," nikasema.

"Kosa ulinipa mbele ya watu," akasema Hajati. "Ukweli umeniletea huku nyuma, kwenye ngazi."

Akachovya tambara kwenye ndoo, akalikamua, akaniomba nisogee kidogo. Nikasogea, naye akainama kupiga deki tena pale nilipokuwa nimesimama na viatu vyangu.