Zamu ya Fuwele

Siku mama yangu alipofariki, kaka zangu walinitaka nimwite binti yangu kutoka Ulaya aje kumzika bibi yake. Nilipaswa kukataa. Nilipiga simu.

Binti alikuwa akisomea uzamivu wa fizikia. Likizo iliyotangulia, nyumbani Suji, huku milimani, alinieleza kazi yake kwa kipande cha sega nilichokuwa nimetoka kurina. Aliweka kidole pale kuta tatu za vyumba vya nyuki zinapokutana.

"Chukulia hapa pana atomu, baba. Ni sumaku ndogo kabisa, ina majirani watatu. Mmoja anaivutia juu, wa pili kando, wa tatu mbele. Haiwezi kuwaridhisha wote."

"Huyo ni baba yako na kaka zake," mke wangu akasema huku akichochea moto. Tulicheka.

Sumaku za kawaida, alisema, zikipozwa sana hujipanga zikatulia. Lakini mivutano hiyo mitatu ikishindana sawasawa, inasemekana hazitulii hata kwenye baridi kali kuliko zote. Huendelea kugeuka huku zimeshikamana, kama maji yaliyokataa kuganda. Katika fuwele nyingi, vijiwe vyenye sumaku hizo ndani yake, huingia mvutano mwingine, ukazishinda sumaku, zikajipanga. Yeye alitaka kujua fuwele zake ni za aina gani. Mashine ya kuonyesha hilo ilitumiwa kwa zamu, na zamu yake alikuwa ameingoja zaidi ya mwaka.

Iliangukia wiki ya msiba.

"Mjukuu aliyelelewa mgongoni mwa marehemu asitie udongo?" kaka mkubwa aliniuliza kikaoni. "Au wewe siku hizi una binti tu, ukoo huna?"

Nikapiga.

"Baba, nikiacha zamu hii nimekwisha."

"Waambie umefiwa na bibi. Watakupa nyingine."

Sikumdanganya. Kwa miaka mingi nilikuwa mgawa maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kwetu mfiwa hapotezi zamu. Jirani humwachia ya kwake, matanga yakiisha mfiwa naye anafungulia maji. Nilidhani kila mahali ni hivyo.

Alikuja, akatia udongo, akarudi. Kule walimpa pole, wakamweka mwisho wa foleni. Ufadhili wake uliisha kabla hajafikiwa. Sasa anafundisha sekondari, Same mjini.

Mwezi uliopita alipanda kutuona. Nilimwekea sega kwenye sahani, nikajikaza kumwuliza, "Zile sumaku zako, zilitulia?"

"Sijui, baba." Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo mama yake alikwisha kuviosha.

Kaka yangu simlaumu. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Binti huniamkia, huniletea dawa za presha, hushuka na gari la jioni. Yeye alipoteza kazi aliyoipenda kuliko zote. Mimi nilimpoteza mtoto aliyekuwa akikaa nami jikoni kunieleza mambo, na hajanieleza jambo tena tangu siku ya simu ile.